Karafuu za Bob Kumi

Jino lilianza kuuma Ijumaa usiku, saa nne hivi, na stima zilikuwa zimepotea Innercore yote. Kama umeishi Umoja unajua giza la aina hiyo: ghorofa zimesongamana mpaka huoni mbingu, jenereta moja inanguruma mbali, na watoto wanapiga kelele kwa ngazi kana kwamba ni sherehe. Kliniki ya karibu ilikuwa imefunga. Dawa za maumivu nilikuwa nimemeza mbili na hazikufanya chochote. Nikampigia shosh simu.

"Si ununue karafuu," akasema, kama mtu anayeshangaa kwamba nilihitaji kuambiwa. "Weka moja hapo kwa shimo, iume polepole, halafu unyamaze. Hiyo ni dawa ya Waswahili, haijawahi kukataa."

Nikashuka. Duka la chini ya plot yetu lina grili, na nyuma ya grili kuna kadibodi iliyobanwa vipakiti vidogo vidogo: iliki, mdalasini, pilipili manga, bizari, karafuu. Bob kumi kila kimoja. Nilirudi juu, nikawasha tochi ya simu, nikamimina karafuu zangu kwa kiganja. Zilikuwa kumi na nane. Nikatia moja mdomoni, ikawaka kama pilipili, halafu taratibu upande mzima wa taya ukafa ganzi.

Kitu kinachofanya hivyo kinaitwa eujenoli. Ni mafuta yaliyo ndani ya karafuu, na madaktari wa meno wameyatumia miaka mingi kuchanganya na poda ya zinki ili kuziba jino kwa muda. Ile harufu inayokupiga ukiingia kwa daktari wa meno, ile inayokufanya utake kugeuka urudi nyumbani, ndo hiyo. Kwa hiyo shosh hakuwa anabahatisha.

Lakini "dawa ya Waswahili"? Hapo ndipo nilibaki macho. Usiku ulikuwa mrefu na nilikuwa na karafuu kumi na saba zilizobaki. Ukiiangalia moja vizuri kwa mwanga utaona ina kikonyo chembamba, juu yake meno manne madogo yaliyofunguka, na katikati ya meno hayo kijitufe cha mviringo. Kijitufe hicho ni petali zilizojikunja. Karafuu ni ua ambalo halikuachwa lifunguke. Linachumwa likiwa bado tumba, likianza kubadilika kutoka kijani kuwa jekundu, linaanikwa juani siku kadhaa mpaka liwe la kahawia. Ukilichelewesha likachanua, thamani yake imeisha. Waingereza na Wafaransa waliona umbo lake wakaliita msumari. Sisi tulichukua jina kutoka kwa Kiarabu.

Na mti wenyewe si wa hapa. Si wa Mombasa, si wa Lamu, wala si wa Zanzibar, ingawa ukimwambia mtu wa Unguja hivyo bila kujiandaa anaweza kukukasirikia. Mkarafuu ni ndugu wa damu wa mzambarau, wako jenasi moja, na kwao asili ni visiwa vya Maluku, mashariki mwa Indonesia. Na si Maluku yote. Ni visiwa vitano vidogo vya volkano vilivyopangana kama shanga karibu na ikweta: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Msitu wenye mvua nyingi, udongo wa majivu ya mlima, upepo wa bahari. Kwa karne nyingi, karafuu yoyote iliyoliwa popote duniani ilitoka sehemu hiyo, na wengi walioila hawakujua iko wapi. China ya kale, maofisa wa ikulu walitakiwa kuweka karafuu mdomoni kabla ya kuongea na mfalme ili pumzi zao zisimchukize. Fikiria hilo ukiwa kwa matatu ya saa kumi na mbili jioni, umebanwa, na msee anakuongelesha sikioni.

Wareno walifika Maluku mwaka 1512. Wahispania nao wakatuma meli tano mwaka 1519 chini ya Magellan kutafuta njia ya upande wa pili. Magellan aliuawa njiani, huko Ufilipino. Meli moja tu, Victoria, ndiyo iliyomaliza mzunguko na kurudi Hispania mwaka 1522, ikiwa na mabaharia 18 waliochakaa na tumbo limejaa karafuu za Tidore. Shuleni tulifundishwa kwamba hiyo ilikuwa safari ya kwanza kuizunguka dunia. Hatukuambiwa walikuwa wameenda sokoni.

Halafu wakaja Waholanzi, na hapa hadithi inaanza kunuka. Kampuni yao ya India ya Mashariki haikutaka tu kununua karafuu. Ilitaka asiwepo mwingine wa kuuza. Kwa hiyo ikaamua zikuzwe Ambon na visiwa vya jirani, chini ya macho yake, na kwingine kote mikarafuu ikatwe. Mwaka 1652 walimfanya Sultani wa Ternate akubali kwa mkataba, alipwe fedha, miti ya watu wake ing'olewe. Misafara ya mashua za kivita ilizunguka visiwa ikihakikisha. Kule kwa kwao asili, mahali mti huo ulipoumbwa, ukawa mti wa haramu. Ukiutunza nyuma ya nyumba, umevunja sheria.

Ukiritimba huo ulivunjwa na mwizi. Alikuwa Mfaransa aliyepoteza mkono wa kulia kwenye vita vya baharini na Waingereza mwaka 1745, na jina lake, sitanii, lilikuwa Pierre Poivre. Kwa Kifaransa hilo ni Petero Pilipilimanga. Alipokuwa msimamizi wa kisiwa cha Mauritius, wakati huo koloni la Ufaransa, alituma meli zipenye Maluku kimyakimya, na mwaka 1770 zikarudi na miche ya karafuu na kungumanga. Ikapandwa katika bustani ya Pamplemousses. Mingi ikafa. Michache ikaishi, na mbegu zake zikasambaa hadi Réunion na kwingineko.

Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa mpaka Unguja ni mwendo wa meli ya biashara, na biashara iliyokuwepo hasa ilikuwa ya watu. Mashamba ya miwa ya Mauritius na Réunion yalinunua watumwa kutoka pwani yetu. Anayetajwa kuleta karafuu Unguja ni Saleh bin Haramil al-Abry, Mwarabu aliyejuana na Wafaransa hao, ambaye alipanda mikarafuu Mtoni na Kizimbani mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya 1820. Meli zilizokwenda na watu zilirudi na miche. Sijui kusema jambo hilo kwa njia ya upole zaidi.

Kuna mwaka mmoja ambao ningependa kila mtu anayepika pilau aujue: 1822. Mwaka huo Waingereza walimfanya Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, atie saini mkataba unaojulikana kwa jina la nahodha Moresby. Ulimkataza kuuza watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Hiyo ilimaanisha soko la Wafaransa limefungwa. Mwanahistoria wa Zanzibar, Abdul Sheriff, ameeleza vizuri kilichofuata katika kitabu chake cha 1987: kama huwezi kuwauza watu nje wakafanye kazi mashambani, basi unaleta shamba nyumbani. Biashara ya watumwa haikufa kwa mkataba ule. Iligeuka. Badala ya kusafirisha mfanyakazi, wakasafirisha mazao yake.

Na mazao yaliyokuwa tayari, yenye bei ya juu, yalikuwa karafuu. Said alimnyang'anya Saleh mashamba yake. Inasimuliwa pia kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, la sivyo atapoteza ardhi. Kufikia 1840 alikuwa amehamisha makao yake kutoka Muscat hadi Unguja. Mtu anaacha mji wa baba zake anafuata mti! Misitu ya Unguja magharibi ikafyekwa, Wahadimu wakasukumwa upande wa mashariki na kusini kwenye mawe ya matumbawe ambako hata muhogo unasuasua, na mikarafuu ikasimama safu kwa safu.

Waliofyeka walikuwa watumwa. Wayao, Wanyasa, Wamanyema, Wazaramo, watu kutoka kando ya Ziwa Nyasa na hata ng'ambo ya Tanganyika, waliotembezwa mpaka Kilwa na Bagamoyo na kuvushwa kwa jahazi. Mkarafuu unakaa kama miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo kulikuwa na watu waliochimba mashimo, wakapanda, wakamwagilia, wakapalilia, wakafa bila kuona tumba hata moja. Waliobaki walipanda kwenye matawi. Mti unafika mita kumi na zaidi, matawi yake yanakatika kwa urahisi, na tumba ziko kwenye ncha. Unavuta tawi kwa kamba au kijiti, unachuma kishada kizima, unajaza pakacha. Jioni mnakaa chini kuchambua, tumba huku, makonyo kule. Asubuhi mnaanika kwenye majamvi, na mvua ikianza kila mtu anakimbia kuanua. Wiki za msimu hakukuwa na mapumziko. Nje ya msimu, kawaida iliyoandikwa na Frederick Cooper, aliyetafiti mashamba haya kwa undani, ni kwamba mtumwa alimfanyia bwana kazi siku tano, na Alhamisi na Ijumaa akalima kipande chake cha kujilisha. Kuna watu husikia hilo wakasema, aa, kumbe haukuwa utumwa mbaya sana. Ningewauliza watu hao kama wangeupokea.

Wala Kenya haikukaa pembeni. Miaka ya 1860 Malindi ilifufuka kutoka magofu kwa sababu mtu lazima ale, na Unguja na Uarabuni zilihitaji nafaka. Mashamba ya mtama ya Malindi yalilimwa na watumwa. Ukienda Malindi leo kupiga picha na mnara wa Vasco da Gama, hakuna mnara wa mkulima wa mtama.

Kitu kilichofuata hakikutarajiwa na mtu. Watu walipanda karafuu nyingi mno, bei ikaporomoka, wenye mashamba wakaanza kuweka mali rehani kwa wafadhili wa Kihindi. Halafu Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja. Sehemu hii ya bahari haipati vimbunga hovyo, kwa hiyo hakuna aliyejiandaa. Majahazi yalizama bandarini, minazi ikalala chini, na theluthi mbili hivi ya mikarafuu ya Unguja ikang'oka. Pemba, upande wa kaskazini, iliponea. Tangu siku hiyo kisiwa cha karafuu ni Pemba, na bado ni Pemba. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alilazimishwa kufunga soko la watumwa la Unguja, lakini utumwa wenyewe uliendelea mashambani mpaka amri ya 1897, na huku kwetu pwani ya Kenya mpaka 1907. Piga hesabu. Mwaka 1907 reli ilikuwa imeshafika Kisumu na Nairobi ilikuwa mji.

Na hapa nataka kukurudisha Eastlands. Kabla hakujawa na Umoja, kabla ya Buruburu, kulikuwa na Pangani. Si Pangani ya leo ya ghorofa, bali kijiji cha nyumba za udongo ambapo waliishi Waswahili wa kwanza wa Nairobi: wapagazi, askari, wanawake wafanyabiashara, watu wa pwani na watu wa bara waliokuwa wamesilimu. Miongoni mwa watu wa namna hiyo, ukiuliza ukoo hadi mababu, kuna waliokumbuka jina la bwana badala ya jina la kabila. Serikali ya kikoloni ilianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ikaibomoa Pangani na kuwahamishia watu Shauri Moyo, ile mitaa unayopita ukienda tao kwa Jogoo Road. Majengo bado ipo, na Ijumaa mchana bado inanukia. Nikisema pilau ya mtaani kwetu ina mababu Majengo, sitii chumvi sana.

Umoja yenyewe ilikuja baadaye, miaka ya 1970, kwa mkopo uliodhaminiwa na Wamarekani kupitia USAID, nyumba ndogo za mtu wa kipato cha chini. Wengi waliokusudiwa hawakuzipata, waliozipata waliongeza chumba, wakaongeza ghorofa, na ndo hivi tulivyo. Watu wa kila kona ya nchi. Mama wa Kikuyu ghorofa ya kwanza, Mkamba ya pili, Mluhya ya tatu, na Desemba wote wanapika pilau. Hata nyumba ambayo hakuna mtu aliyewahi kuona bahari.

Ya karne ya 20 nitayapitia haraka, ingawa kila moja lingefaa makala yake. Mwaka 1937 serikali ya Waingereza Zanzibar ilijaribu kuwapa wakulima wakubwa ukiritimba wa kununua karafuu kupitia chama chao. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, chama cha Congress huko India kikawaunga mkono kwa kususia karafuu za Zanzibar, na kufikia 1938 Waingereza wakalegea. Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Mmoja wa viongozi wake, John Okello, alikuwa mzaliwa wa Uganda aliyefanya kazi Kenya kabla ya kwenda Pemba. Mashamba yalitaifishwa na kugawiwa watu eka tatu tatu. Kwa mara ya kwanza mjukuu wa aliyeupanda mti kwa lazima aliweza kuuita wake.

Ila si karafuu zake. Hizo zilibidi ziuzwe kwa shirika la serikali, ZSTC, kwa bei ya serikali, na kwa miaka mingi bei hiyo ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Sasa wewe fikiria: uko Pemba, gunia liko ndani, na ng'ambo pale, safari ya usiku mmoja kwa mashua, ni Shimoni na Vanga, ambapo kuna mtu anayelipa zaidi kwa shilingi za Kenya. Magendo yakawa maisha. Zanzibar iliunda kikosi kizima cha kuyapiga vita, KMKM, yaani Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo. Kama unafuatilia kandanda jina hilo unalijua: ndiyo ile timu ya mpira ya Unguja. Msee anashangilia bao la kikosi cha kukamata karafuu na hajui. Mwaka 2011 serikali ya Zanzibar ilipandisha sana bei anayolipwa mkulima, na mashua za usiku zikapungua.

Mnunuzi mkubwa kwa muda huo wote alikuwa nani? Indonesia. Kule Java wanavuta sigara ziitwazo kretek, tumbaku iliyochanganywa na karafuu, zinazolia kre-tek zikiungua. Watu waliokatiwa miti yao na Waholanzi walirudi kununua tumba kutoka kwa watoto wa miche iliyoibwa kwao. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wamepanda za kwao za kutosha, wakaacha kununua, na Pemba ikabaki na magunia. Leo Indonesia ndiyo inayozalisha karafuu nyingi kuliko nchi yoyote, na nyingi inavuta yenyewe.

Jumamosi asubuhi nilienda Mutindwa, shavu limevimba kama mandazi. Kuna mama anayeuza viungo karibu na wauza nyanya, ana mizani ya zamani na makopo kama ishirini. Nilimuuliza karafuu zake zinatoka wapi.

"Muthurwa," akasema.

"Na Muthurwa zinatoka wapi, mathe?"

Akanitazama, akatazama shavu. "Mwanangu, unanunua ama unahoji?"

Nikanunua za hamsini. Alizichota kwa kikombe cha plastiki, akaongeza chache za juu kwa huruma, akazifunga kwa karatasi ya gazeti. Nilipofika nyumbani nilizimwaga mezani. Zilikuwa nyekundu-kahawia, nzima, nyingi bado zina kijitufe chake juu, dalili kwamba zilianikwa vizuri na mtu aliyejali. Nilibonyeza moja kwa ukucha, ikatoa mafuta. Mtu fulani alipanda mti kuichuma. Pemba, au Madagascar, au Maluku kwenyewe. Karatasi ya gazeti haikusema.

Jioni jirani wa ghorofa ya tatu alibisha hodi kuomba karafuu. Mtoto wake alikuwa anafikisha miaka mitano na pilau ilikuwa jikoni. Nikampa nusu. Saa mbili usiku sahani ikaletwa, imefunikwa na nyingine, na stima zilikuwa zimerudi. Nikala kwa upande mmoja wa mdomo. Kila nilipokutana na karafuu niliitoa, nikaipanga kwenye ukingo wa sahani, kama tunavyofanya sote. Zilifika saba.

Jino liling'olewa Jumatatu.